Kusindikizana Vienna

Labhuben alikuwa na siku sita juu ya mto Danube, na katika siku hizo sita hakuwa amemaliza sentensi hata moja. Kila akifungua kinywa, mwanawe Vallabhdas alikuwa ameshamjibia. Mtumishi akija na sahani: "Mama hali nyama." Abiria akitabasamu: "Mama amechoka kidogo." Hakuwa amechoka hata chembe. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na tatu, ameuza leso Malindi tangu ujana, amebishana na nusu ya mji na kuishinda, na leo anasemewa kama mtoto aliyepelekwa kwa daktari.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi, ila zawadi yenye ndoana ndani. Vallabhdas aliishi peke yake Leicester, Uingereza, tangu mkewe aondoke, naye alitaka mama auze duka ahamie kwake moja kwa moja. Mnunuzi alikwishapatikana. Karatasi ya simu ya maandishi, telegramu ya kumkubalia, ilikuwa tayari mfukoni mwa Vallabhdas, ingepelekwa kesho watakapofika Budapest. Lililobaki ni neno la mama. Labhuben hakuwa amekubali wala kukataa. Kwani Malindi nani alikuwa akimngoja? Mume alishafariki, majirani wa zamani walishahama. Alijiambia hivyo kila siku, na kila siku moyo ulimuuma vilevile.

Alasiri ile ya Agosti 1986, meli ilipofunga Vienna, Vallabhdas alipanda basi la watalii kwenda kuangalia makasri ya wafalme wa kale. Mama yake alisema miguu inauma, uongo uliopita kwa kuwa ulikuwa mfupi. Akabaki sebuleni mwa meli, anatazama watu.

Na watu walikuwapo. Gatini meli zilizidi nafasi, kwa hiyo zilifungwa ubavu kwa ubavu, na abiria wa meli ya nje akirudi kutoka mjini sharti apite ndani ya meli ya kina Labhuben, sebuleni kabisa, katikati ya vikombe vya kahawa. Ndipo alipopita mama mmoja Mwafrika mwenye koti zito, na juu ya koti amejifunga leso. Labhuben aliitambua leso kabla ya kumtambua mwenyewe. Nyekundu, maua meusi ya korosho pembeni. Aliiuza yeye!

"Mama Njoroge!"

Yule mama aligeuka na mfuko wa keki ukamponyoka. "Ati nani? Mama Vallabhu! Woi! Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu! Wafanya nini huku?"

Alikuwa Jedida, mfua nguo wa hoteli moja ya ufukweni. Bibi mmoja Mjerumani aliyekuja Malindi kila mwaka alimlipia nauli afuatane naye, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine yeyote na blauzi zake.

Walisalimiana robo saa nzima. Kisha Jedida akashika kiuno. "Na duka yako imefungwa mpaka lini? Kadii wa Kakuyuni alikuja kuchukua leso za harusi ya msichana wake, akapata kufuli. Tukamwambia aende kwa wengine. Akakataa! Ati wewe ndiye unajua kumchagulia. Amesongesha harusi mpaka Desemba."

"Harusi?"

"Harusi! Bwana harusi amekonda."

Labhuben alicheka hadi machozi yakamtoka, na alipomaliza kucheka machozi yaliendelea. Alifurahi. Alifurahi hadi akaona haya.

Jedida akaaga. Sasa, mtu wa Malindi hamwachi mgeni aondoke kama aliyefukuzwa, humtoa, akamfikisha. Labhuben akamsindikiza, wakavuka kidaraja hadi meli ya nje. Kufika pale, Jedida akaona vibaya mama mzima arudi peke yake, akamsindikiza kurudi. Zilikuwa hatua kumi na tano tu, na hatua kumi na tano hazitoshi kueleza nani ameoa Gongoni na nani ameachwa, basi Labhuben akamtoa tena. Safari ya nne mabaharia waliacha kushangaa. Safari ya sita mmoja wao alianza kuwafungulia mlango. Kengele ikalia, wakadhani ni ya chakula.

Walikuwa wamesimama mlangoni mwa meli ya Jedida, katikati ya kisa cha mchungaji wa Ganda aliyekimbizwa na nyuki, Labhuben alipoona kidaraja hakipo. Kisha akaona maji. Kisha akamwona Vallabhdas, karudi kutoka kwenye makasri, kasimama ukingoni mwa meli yao, mikono kichwani.

"Simamisheni!" alikuwa akiwapigia mabaharia kelele kwa Kiingereza. "Mama anataka kushuka!"

"Sitaki!" alijibu Labhuben.

Vallabhdas alifungua kinywa amjibie, lakini injini ikanguruma ikammeza sauti, na mama yake akapata nafasi aliyoikosa siku sita. Akashika chuma cha ukingoni, akavuta pumzi.

"Ichane hiyo simu! Duka siuzi! Nashuka Linz kesho, njoo unichukue kwa treni, kisha nakwenda zangu Malindi, maana kuna watu wanangoja kuoana!"

Sentensi nzima, hadi nukta. Jedida akapiga kigelegele, na wazee wa Kijerumani, bila kuelewa neno, wakapiga makofi. Labhuben alijiona mwepesi, nusura arukeruke.

Maji yalizidi kupanuka. Vallabhdas alitoa karatasi mfukoni, akaitazama. Injini ilipotulia alipaza sauti, na safari hii kwa Kiswahili, ambacho mama yake hakuwa amemsikia akikisema tangu ahamie Uingereza.

"Na mimi, Mama? Mimi nitakaa na nani?"

Siku zote hizo Labhuben alidhani anahurumiwa, kumbe alikuwa anaombwa. Mwanaume mwenye mvi masikioni, amesimama pale kama siku ya kwanza ya shule. Akajiinamisha juu ya maji mpaka Jedida akamshika sari asianguke.

"Na wewe njoo nyumbani!" alipiga ukelele. "Nani alikukataza?"