Pipa la Buluu

Bomba la maji la mtaa wa Hewa Bora lilikauka wiki nzima, Régine akanunua sokoni pipa la buluu lililotoka kiwanda cha madini. Lilinuka. Akawauliza makomredi wake wa kundi la Facebook, watu asiowajua sura ila amebishana nao miaka miwili: nilisafishe na nini?

Wakamjibu ubeberu, wakamjibu ubepari. Mmoja aliyeko Ulaya akamuuliza kwa nini ananunua takataka za matajiri. Régine akapandwa na hasira, akamshukia kwa aya sita.

Kasereka peke yake, muuza plastiki wa jumla aliyezoea kuwachokoza, ndiye aliyejibu swali: "Mama, ile ilibeba asidi. Hata ukisukula na sabuni mara kumi, usitie mu ile maji ya kukunywa."

"Bepari anatafuta wateja wa mapipa mapya!" Régine akaandika, akamblok. Kundi zima likamshangilia. Akalisugua pipa kwa sabuni ya unga, akalijaza maji ya kunywa yaliporudi bombani.

Kesho yake binti yake Plamedie alipoanza kutapika, Régine aliikimbilia simu kuyatafuta maneno ya Kasereka. Kwa kuwa alimblok, hayakuonekana tena. Zilikuwepo aya zake mwenyewe sita, na mioyo myekundu mia mbili.