Mama Hakuwa Mpole

Kaka Wakili aliandika wasifu wa mama yao kurasa tatu, akauleta sebuleni ameushika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto. Kesho yake mama huyo, ambaye wote walimwita Mwalimu, angekumbukwa katika ukumbi wa shule alikofundisha kwa miaka thelathini na mmoja. Msomaji angekuwa Mziwanda, mtoto wa mwisho, nesi, ambaye hakuombwa ushauri, aliombwa sauti tu.

Akajaribu kuusoma. “Marehemu alikuwa mama mpole, mnyenyekevu, mwenye maneno machache…”

Baba yao, fundi wa kuandika mabango aliyestaafu, akainua kichwa. “Huyo ni nani?”

“Ni Mama, Baba.”

“Mama wa nani? Mimi sijapata kuoa mwanamke mwenye maneno machache. Kama alikuwemo humu ndani, basi mama yenu alimficha.”

Mziwanda akajiuma midomo. Kaka Wakili hakucheka. “Baba, watakuja maafisa wa elimu. Tusijivunjie heshima.”

“Heshima! Mnajua nilivyokutana naye? Niko juu ya paa la baraza la shule, naandika ukutani kwa rangi. Nikaandika SHULE YA MISINGI. Chini pale kasimama mwalimu mgeni, kifaranga, hata wiki hajamaliza. ‘Fundi,’ akaniuliza, ‘hii shule yenu ina misingi mingapi?’ Nikamwambia fundi hafundishwi kazi. Basi, akachukua ngazi yangu akaingia nayo darasani! Kipindi kizima cha hesabu nimekaa juu kama kunguru, watoto wananichungulia dirishani. Nilipofuta ile herufi ndipo ngazi ikarudi. Nikashuka, nikamuuliza kama ana mchumba.”

Mziwanda alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu msiba, kila mgeni aliyekuja kuwapa pole alimpaka mama yake asali kidogo, hata akawa malaika asiyemjua. Sasa alimwona tena, mkono kiunoni, jicho moja kalifinya. Akazigeuza zile kurasa tatu, akaanza kuandika nyuma yake.

“Mdogo wangu, ukisoma hayo mimi simo,” akasema Kaka Wakili.

“Utakuwemo,” Mziwanda akajibu bila kuinua macho. “Tena sana.”

Kesho yake ukumbi ulijaa pomoni. Mziwanda akaanza na ngazi. Watu wakatazamana kwanza, kisha mpishi wa shule akaangua kicheko na wengine wakamfuata. Kaka Wakili, kiti cha mbele, alikodolea macho viatu vyake.

“Na sisi wanawe hatukupendelewa,” Mziwanda akaendelea. “Kaka yangu alipokuwa na miaka tisa, alijifanya mgonjwa asubuhi ya mtihani. Mama hakubisha. Alimpa pole, akamfunika shuka vizuri. Kisha akaita wanafunzi wanne wakambeba na kitanda chake, kutoka nyumba za walimu hadi darasani. Mtihani akaufanya amelala chali.”

Ukumbi ukalipuka. Kaka Wakili akatamani ardhi ipasuke immeze. Hapo afisa elimu mmoja, mtu mnene mwenye miwani, akasimama na kuinua mkono kama mwanafunzi.

“Samahani, dada. Mimi nilishika mguu wa kushoto wa kile kitanda. Kilikuwa kizito! Na jibu la swali la saba, mgonjwa alilinakili kwangu.”

Kaka Wakili akaruka. “Napinga! Wewe ndiye uliyenakili kwangu!”

“Mbona basi tulikosa wote?”

“Kwa sababu ulinakili kwa mtu mwenye homa!”

Akakisikia alichosema mwenyewe, akaanza kucheka. Alicheka kwa sauti, kisha sauti ikakatika na machozi yakamtoka, machozi aliyokuwa ameyabana tangu siku ya mazishi. Afisa yule akaacha kiti chake, akaja kumshika bega, na watu wazima wale wawili wakasimama pale wakilia na kucheka mbele ya watu, wakiwa bado wanabishana kuhusu swali la saba.

Mziwanda akashuka jukwaani, akaketi karibu na baba yake.

“Umesoma vizuri,” Baba akanong’ona. “Ila ya harusi yetu umeiruka.”

“Hukunisimulia, Baba.”

“Ah!” Mzee akatazama kulia na kushoto, akamsogelea sikioni. “Basi sikiliza. Siku ile mama yako alichelewa saa mbili nzima, tena kwa makusudi…”