Marufuku ya Kiatu

Mwanamuziki huyu alikuwa na jina lake zuri tu alilopewa na wazazi, lakini nani mjini alikuwa na habari nalo? Akipita sokoni, ni Mzee Kiatu. Akienda benki, karani anamwangalia miguuni kwanza, usoni baadaye. Hata msibani, mtu ametoka kulia sasa hivi, machozi hayajakauka, anamsogelea na kumnong'oneza: "Mzee, na kile cha kushoto kilipatikana?" Yote hayo kwa sababu ya wimbo mmoja alioutunga ujanani, siku alipokaa kwenye kibenchi akimsubiri fundi amshonee soli. Uliitwa "Kiatu cha Kushoto", na ulihusu kijana aliyefika ukweni kwa mara ya kwanza na kiatu kimoja.

Wimbo wenyewe ulikuwa upuuzi, tusidanganyane. Lakini jamani, kuna upuuzi mtamu! Ulianza na gitaa peke yake, milio minne inayopanda polepole, kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Kisha yeye anaingia:

*Kiatu cha kushoto, nani kakiona?*
*Wakwe wamekaa, mguu wauona!*

Kwenye hilo "ona" la mwisho sauti yake ilikuwa inapaa, inapaa, bendi nzima inanyamaza, naye anabaki huko juu peke yake mpaka watu wanaanza kumwonea huruma. Ndipo anashuka. Mashabiki wakajitungia na desturi yao: wanakuja kwenye onyesho wamelegeza kamba za kiatu cha kushoto, na likifika "ona", wote wanavua, wanainua viatu juu, ukumbi unakuwa msitu wa viatu. Harufu yake usiniulize.

Basi mtu huyo, aliyejengewa nyumba na kiatu, aliyeoa kwa kiatu, aliyesomesha watoto kwa kiatu, ndiye aliyesimama siku moja mazoezini akasafisha koo na kutangaza marufuku.

"Kuanzia leo, Kiatu hakipigwi. Si jukwaani, si mazoezini, si kwa bahati mbaya. Mimi ni msanii. Msanii hukua."

Mpiga besi akamwangalia mpiga ngoma. Mpiga gitaa, ambaye alikuwa kaka wa mke wake, akainua mkono kama yuko darasani.

"Shemeji, watu wanakuja kwa ajili ya Kiatu."

"Ndiyo maana inabidi wafundishwe."

Ebo! Mtu amekuja kucheza, wewe unataka kumfundisha. Lakini alishaamua, na sikio la kufa halisikii dawa. Atakayeugusa wimbo ule jukwaani, akasema, atafute bendi nyingine, hata kama ni shemeji. Hapo mpiga gitaa akainamisha kichwa, maana ile milio minne ilikuwa yake. Ndicho kitu pekee alichowahi kutunga maishani, na alikuwa akiipiga kila anapokaza nyuzi, ili kujua kama zimekaa sawa. Kuanzia siku hiyo akawa anakaza nyuzi huku anajiuma mdomo.

Ukweli wa mambo ulikuwa mwingine kabisa, na aliyeujua ni mke wake peke yake. Mwaka jana, kwenye harusi moja, Mzee Kiatu alifungua kinywa kwenye "ona", na badala ya sauti ikatoka kelele ya mlango unaodai mafuta. Akajikohoza, akasingizia vumbi, wakamletea maji. Siku iliyofuata akajifungia bafuni, akafungulia bomba, akajaribu. Mlango. Akajaribu tena kesho yake. Mlango ule ule, na sasa bawaba nazo zimelegea. Sauti ilikuwa imekwenda zake bila hata kuaga.

Mkewe alikuwa jikoni anachambua mchele, ukuta mmoja na bafu. Alimwachia siku kadhaa, kisha akamwambia wazi.

"Baba watoto, mficha maradhi, kifo humuumbua. Ushushe wimbo. Uimbe chini kidogo, kuna ubaya gani?"

"Watu watajua."

"Watajua nini?"

"Kwamba nimekwisha."

Alilisema hilo akiwa ameshika taulo, na macho yake yalikuwa mekundu. Hapa sitamcheka. Mtu huyu aliogopa kwa dhati ya moyo wake. Tangu ana miaka ishirini watu walikuwa wanamngoja kwenye ile sauti moja, na akiikosa, atakuwa nani? Mzee wa kawaida mwenye kitambi. Kwa hiyo akaona bora waseme anaringa. Mwenye maringo angalau ana kitu cha kuringia.

Na jamani, maringo yalivyomkaa! Akatoa albamu mpya iliyoitwa "Kina cha Ukimya". Nyimbo zote ziliimbwa chini chini, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Mwandishi mmoja wa gazeti akaandika kwamba sauti ya msanii huyu "sasa imeshuka kwenye kina cha fikra". Imeshuka! Imeshuka kwa sababu haiwezi kupanda, bwana mwandishi. Lakini Mzee Kiatu aliikata ile habari, akaitia fremu, akaitundika sebuleni. Akaanza kuvaa miwani isiyo na namba, ya urembo tu. Akiulizwa hujambo, anafikiri kwanza.

Likaja onyesho la kuizindua albamu, Jumapili alasiri, katika ukumbi mkubwa wa mjini. Mzee alifika mapema kukagua marufuku yake. Mlangoni aliweka mabaunsa wawili, kazi yao si kukagua silaha, ni kukagua kamba za viatu. "Wewe mama, funga hiyo ya kushoto. Kaza. Kaza zaidi." Watu wazima wakainama mlangoni wakifunga viatu kama watoto wa chekechea, huku wananung'unika.

Kisha akaenda kwa fundi mitambo. Huyu alikuwa mtu wa amri. Ukimwambia weka sauti hapa, ataiweka hapo hata paa likianguka. Bendi nyingi zilimkimbia kwa tabia hiyo. Mzee Kiatu alimpenda kwa tabia hiyo hiyo.

"Ukisikia Kiatu kinaanza, zima kila kitu. Vipaza sauti vyote, magitaa yote."

"Sawa."

"Usiwashe tena mpaka watu watoke."

"Na wewe mwenyewe ukisema niwashe?"

"Hata mimi. Hata nikikusihi."

"Hata ukinisihi," fundi akarudia, akaenda kukaa kwenye meza yake.

Onyesho likaanza. Wimbo wa kwanza watu walipiga makofi ya adabu. Wa pili walipiga ya huruma. Kabla ya wa tatu, "Kivuli cha Nafsi", Mzee akafumba macho akaanza kuufafanua. Kivuli ni nini? Nafsi ni nini? Je, kivuli kina kivuli? Mtoto mmoja akamwuliza mama yake kwa sauti kama huyu babu ni mwalimu. Watu walikuwa wameanza kuangalia simu zao, na mke wake, aliyekaa kwenye ngazi za pembeni ya jukwaa na mkoba magotini, alikuwa anaangalia dari. Maana ndugu zangu, kuna kuchoka, na kuna kuchoka kwa mkeo.

Ni hapo uzi wa gitaa ulipolegea.

Mpiga gitaa aliusikia. Akageuka upande, akaanza kuukaza taratibu, akili yake iko mbali, labda nayo imefuata kivuli. Akakaza, akatega sikio, na vidole vikafanya kile vilichokuwa vikifanya miaka yote uzi ukikaa sawa. Mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.

Lo! Hata kabla wa nne haujaisha, ukumbi ulikuwa umesimama. Simu zikaanguka. Mpiga gitaa akaruka kama aliyeshika chuma cha moto, lakini maji yakishamwagika hayazoleki.

Fundi mitambo naye hakuchelewa. Tap! Akazima kila kitu. Kipaza sauti kikafa mkononi mwa Mzee Kiatu katikati ya neno "nafsi". Na katika kimya hicho, mama mmoja wa safu ya mbele, mnene, mwenye sauti ya kuitia watoto wa mtaa mzima, akaanza: "Kiatu cha kushoto..."

Wakaitikia wote. Wote! Mabaunsa mlangoni wakaitikia. Watu wakainama kwa pamoja kupigana na zile kamba walizolazimishwa kuzikaza, wengine wakizikata kwa meno. Mzee Kiatu alisimama katikati ya jukwaa akipunga mikono kama askari wa barabarani aliyepuuzwa. Alikuwa anapiga kelele, "Kaeni! Kaeni chini!" Nani amsikie?

Wakafika kwenye "ona". Mzee akajikunja. Alijua sasa watanyamaza wamgeukie, kama zamani, wamngoje apande. Hawakunyamaza hata kidogo. Viatu vikapaa juu, na wao wenyewe wakaipandia ile sauti, umati mzima, wakaanguka nayo vibaya sana. Walipasuka kila mtu kwa namna yake. Wengine walibweka. Yule mama wa mbele alilia kama birika. Hakuna hata mmoja aliyefika, na wakacheka mpaka wakashikana mabega, wakaanza ubeti wa pili.

Hapo kitu kikamchoma Mzee. Watu hawa walikuwa wakiivunja sauti ile kila siku! Kwenye harusi zao, kwenye mabeseni ya kufulia, kila walipofika "ona" walianguka, wakacheka, wakaendelea kula. Yeye aliivunja mara moja akajizika mzima mzima pamoja na kivuli na nafsi. Na alikuwa ameukosa wimbo wake, wallahi aliukosa, kama mtu anavyokosa nyumbani.

Akapiga moyo konde. Akakileta kipaza sauti mdomoni, akasahau kwamba kimekufa, akaingia kwenye ubeti wa pili kwa nguvu zake zote. Kiitikio kilipofika "wakwe wamekaa" akavua kiatu chake mwenyewe cha kushoto, cheusi cha kung'aa, akakiinua, akafumba macho, akaipandia "ona".

Ikavunjika. Ikavunjika pale pale bawabani.

Akabaki amefumba macho, anangoja. Sasa watazomea. Sasa watajua. Kesho itakuwa gazetini. Alipofumbua, hakuna aliyekuwa amemgeukia. Watu walikuwa wamefumba macho yao, viatu juu, kila mmoja anaimba na kidonda chake. Akakigonga kipaza sauti. Kimya. Akageuka kwa fundi, akaonyesha kwa kidole: washa! Fundi akatikisa kichwa. Mzee akaunganisha viganja, kiatu katikati yake, akamsihi. Fundi akakunja mikono kifuani, kwa heshima zote, kama alivyoagizwa.

Wakauimba mpaka mwisho bila yeye.

Walipokuwa wanatoka, wanajifuta jasho, kila mtu alipanda kumshika mkono mpiga gitaa, ambaye alijua kazi imeota mbawa. Yule mama mnene alimpitia na Mzee Kiatu pia, akampigapiga begani.

"Asante sana, baba. Umefanya la maana kutuachia. Ungeimba wewe, tusingejisikia vizuri hivi."

Ukumbi ukabaki mtupu. Mzee akakaa juu ya spika, mguu mmoja na soksi tu, kiatu chenyewe kimemponyoka kwenye vurugu. Mkewe akaja akakaa pembeni yake.

"Nimekusikia," akasema.

"Ilivunjika?"

"Vibaya."

"Na wengine?"

"Wengine wapi? Hakuna aliyekusikia hata mmoja."

Ungedhani atashukuru. Siri yake ilikuwa salama salimini, hakuna gazeti, hakuna zomeazomea. Badala yake midomo ikaanza kumcheza, na mzee mzima akalia, mbele ya shemeji yake, mbele ya fundi aliyekuwa anakunja nyaya. Mkewe akamwacha alie. Alipomaliza akampa leso.

"Shemeji," Mzee akasema, bila kumwangalia usoni. "Jumapili ijayo tunaanza na Kiatu."

Mpiga gitaa akalishika gitaa lake. Akaipiga tu ile milio minne, taratibu, kwenye gitaa lisilo na umeme.

"Na kipaza sauti chako?" fundi akauliza, maana yeye bila amri hali chakula. "Nikiweke vipi?"

Mzee akafikiri, safari hii kweli kweli. "Kiweke chini. Chini kabisa. Asikie huyu tu," akasema, akimwonyesha mkewe.

"Huyu tu!" Mkewe akasimama, akauning'iniza mkoba begani. "Mwaka mzima nasikia peke yangu kutoka bafuni, bado hujaridhika? Fundi, mfungulie mpaka mwisho. Na wenzangu nao wapate."

"Mpaka mwisho," fundi akarudia, akaenda zake na nyaya begani. Mzee Kiatu akafungua kinywa atengue amri, kisha akakifunga, akainama kukitafuta kiatu chake chini ya jukwaa.