Kamera ndani ya Gunia la Usipi

Ulikuwa pale. Usiniambie ulikuwa unafunga mzigo, maana niliiona mikono yako haina kazi. Siku ile gatini, afisa wa forodha alipouliza mara mbili kama yupo anayeijua kamera ile, uligeuza uso ukatazama maji, utadhani Ziwa Nyasa lilikuwa limeletwa asubuhi hiyohiyo. Mlikuwa watu kumi na saba kwenye foleni. Nawakumbuka kwa sura na kwa mizigo. Na wewe unayesoma ukijipongeza kwamba hukuwepo, ulikuwepo kwenye foleni nyingine, ukatazama kitu kingine. Mwaka 1976, serikali ilipouvunja ushirika wetu wa kahawa, nilikuwa kijana nikishusha magunia ghalani. Nakumbuka nani alisema neno na nani aliinama kufunga kamba ya kiatu. Mimi sisahau.

Sasa sikiliza habari yenyewe.

Ottilia ni mjane wa Maguu. Mumewe, Pankras, alikuwa akivusha maharage kwenda Malawi na kurudi na nyuzi za nyavu. Julai 1996 alishikwa na homa akiwa ng'ambo, katika kijiji cha wavuvi kisicho hata na zahanati, akafa siku ya pili. Wavuvi walimzika, wakisaidiana na wafanyabiashara wenzake wa kutoka Mbinga. Wanne kati yenu mlilibeba jeneza.

Wenzake waliporudi bila yeye, kaka mkubwa wa marehemu, Raimundi, alitangaza kwamba Pankras hajafa. Ameoa Mmalawi, alisema, ana haya ya kurudi. Basi shamba la kahawa, miche mia nane, atalitunza yeye mpaka mdogo wake atakapokumbuka kwao. Ottilia na watoto watatu wahamie jikoni.

Kila mtu alijua ni uongo. Lakini Raimundi ndiye mpokeaji wa kahawa wa kampuni moja kati ya hizi zilizoingia tangu soko lifunguliwe. Ndiye anayetumbukiza mkono kwenye gunia lako na kusema hii imekauka, hii ina unyevu, rudi nayo. Wakati wa ushirika ungempeleka mtu kama huyo kwenye mkutano mkuu. Sasa utampeleka wapi? Ottilia alikwenda kwenye milango ya wale wanne waliobeba jeneza. Mmoja alisema mgongo unamuuma. Mmoja alimpa ndizi.

Hata hivyo aligoma kutoka nyumbani, akafungua kesi. Hakimu wa mahakama ya mwanzo alimwambia, "Mama, lete hati ya kifo. Huna? Basi lete watu waliomzika. Nao huna? Lete kitu nikione kwa macho yangu."

Ndipo nikamwendea mpwa wangu Dastan, mwenye studio ya picha pale Mbinga mjini. "Tuvuke," nikamwambia. "Ukapige picha ya kaburi na msalaba wenye jina. Msalaba hauna kahawa ya kumpelekea Raimundi."

Dastan alikuwa na kamera moja tu, Zenit nzito kama tofali, aliyouziwa na mwalimu mmoja aliyehama. Kwa kamera hiyo alikuwa amepiga harusi zenu zote kutoka Ukata mpaka Mkumbi. Biashara ilikuwa inakufa kwa sababu ya hivi vikamera vya plastiki vinavyouzwa sokoni, lakini ile Zenit ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mama yake.

"Mjomba," akasema, "kule bandarini kwao wanaiba mpaka kofia kichwani."

"Ndiyo maana tunakwenda wawili."

Tulikaa siku nzima studioni tukiipamba kwa ubaya. Alikwangua jina la kamera kwa msumari. Akaizungushia plasta ya hospitali mpaka ikafanana na goti la mchezaji mpira. Mkanda wa begani akautupa, akaweka katani. Ottilia alitazama akasema, "Baba, mbona sasa hata mimi naionea huruma?" Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomwona akicheka. Yeye hakuweza kusafiri. Angetoka ndani ya nyumba siku mbili tu, Raimundi angehamishia kitanda chake mle.

Sasa nakuja kwenye kosa, na kosa ni langu. Mtu akitoka nchini na kamera anatakiwa aitaje forodhani, aandikiwe karatasi, ili akirudi nayo wajue ni ileile aliyotoka nayo. Dastan alilijua hilo. Mimi ndiye niliyemkataza. Pale gatini meza ya forodha iko wazi, foleni iko nyuma yako inakupumulia shingoni. Ukisema "nina kamera", watu wote wa melini wameshajua mfuko wa kuuchana. Kwa hiyo afisa alipouliza mna nini, nilisema, "Maharage, bwana, na nguo za kubadili."

Ng'ambo tulikuwa werevu mpaka tukajipenda. Dastan alibeba begani ule mfuko mzuri wa kamera, wenye zipu, ndani yake mna magunzi sita ya mahindi. Kamera yenyewe nilikuwa nayo mimi kwenye kikapu, chini ya mihogo. Tulikwenda msalani kwa zamu. Siku ya kwanza tu, sokoni, mfuko ule ulichanwa kwa wembe, safi kabisa, hatukusikia kitu.

"Magunzi yangu," Dastan akasema, akiingiza mkono kwenye tobo. "Mjomba, tumeibiwa magunzi."

"Twende polisi," nikamwambia. "Utawaeleza yalikuwa ya rangi gani."

Tulicheka njia nzima mpaka kijijini.

Kaburi tulilikuta limepaliliwa vizuri. Katekista wao alikuwa ameandika msalaba kwa rangi nyeupe, jina kamili, tarehe, na neno Mbinga chini yake. Mama mmoja mzee, Eliza, aliyemwosha marehemu, alikubali kusimama pembeni pamoja na wavuvi wawili waliochimba kaburi. Kwa Kinyasa chao na Kinyasa changu kibovu tulielewana. "Mwambieni mkewe hakuteseka sana," Eliza akasema. "Aliomba maji, akataja watoto." Dastan alipiga picha kumi na moja. Nyingine ya msalaba kwa karibu, herufi zisomeke. Nyingine ya wote.

Nilimwambia autoe mkanda wa picha kwenye kamera, niufunge kiunoni.

"Mjomba, mkanda wa picha thelathini na sita! Zimebaki ishirini na tano. Jumapili kuna Kipaimara Mkumbi, nimeshaahidi watu."

Hivyo ndivyo wanavyofanya wapiga picha wetu. Mkanda hautoki mpaka uishe. Harusi, msiba na kitambulisho cha mtu vinakaa kwenye mkanda mmoja, na mwenye msiba anasubiri harusi ya mwingine ndipo aone picha. Sikubishana naye.

Kwa safari ya kurudi tulinunua gunia la usipi mkavu, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Nani ataiba usipi kwa watu wanaoishi kando ya ziwa? Tukaifunga kamera kwenye kitenge, tukaizika katikati ya dagaa. Ilifika salama. Wezi wote wa ng'ambo na wote wa melini tuliwashinda. Tuliteremka saa sita mchana, jua utosini, tumechoka na tunanuka, tuna furaha kama watu waliotoka kuoa.

Afisa wa forodha alikuwa na nondo nyembamba aliyoinoa ncha. Kila gunia analichoma. Alichoma la kwetu, ikaingia vizuri, kisha ikagonga kitu. Akachoma tena palepale.

"Mzee," akaniambia, "samaki wenu wana mifupa migumu."

Alilimwaga gunia chini. Akakifungua kitenge.

"Bwana, ni kamera yangu ya kazi," Dastan akasema. "Mimi mpiga picha, Mbinga mjini."

"Karatasi ya kutokea?"

"Hatukuandikisha."

"Jina la kamera limekwanguliwa. Imefungwa plasta. Imefichwa kwenye dagaa." Alikuwa akihesabu kwa vidole, bila hasira, kama anayemfundisha mtoto. "Hebu niambie, ungekuwa umekaa hapa nilipokaa, ungemwita nani huyu?"

Kila tulichokifanya kumkimbia mwizi kilikuwa sasa kinatuonyesha sisi kuwa wezi. Naye, nimtendee haki, alitoa nafasi. Aliinua kamera juu, akauliza foleni nzima:

"Yupo anayeijua hii kuwa ni ya huyu kijana? Mmoja tu. Aseme, niandike jina lake, waende zao."

Jastini alikuwa wa tatu kwenye foleni. Harusi yake ilipigwa na kamera ile, picha iko sebuleni kwake mpaka leo. Walburga alikuwa nyuma yake; ubatizo wa watoto wake pacha nao ulipigwa na kamera hiyohiyo. Wawili kati ya wale wanne wa jeneza walikuwepo. Afisa aliuliza mara ya pili. Sukari ya magendo ilikuwa ndani ya mizigo yenu, vitenge vilikuwa vimezungushwa matumboni, tairi za baiskeli zilikuwa chini ya maharage. Nani ataje jina lake liandikwe? Mkatazama ziwa.

"Basi," afisa akasema, na kidole gumba chake kikaenda kwenye kifuniko cha nyuma, aone ndani kumefichwa nini.

"Usifungue," Dastan akasema. "Bwana, nakuomba, chukua kamera, usifungue."

Alifungua. Akauvuta mkanda wote nje, mkono mzima, akautazama juani, akaona hauna kitu. Sasa ulikuwa hauna kweli; jua lilikuwa limezifuta picha zote.

Tulipofika Maguu, Ottilia alitutandikia mkeka, akatusalimu, akasubiri. Yaliyotokea nilimweleza mimi. Akamgeukia Dastan, akamuuliza:

"Jina waliliandika lote?"

"Lote, dada. Pankras, na la baba yake, na Mbinga."

"Kwa rangi gani?"

"Nyeupe."

"Aliyemwosha alikuwa mama mzima?"

"Mama mzima. Anasema aliwataja watoto."

Ottilia aliitikia kwa kichwa. "Basi mimi nimeshaona," akasema. "Hakimu ndiye hajaona."

Mengine ni mafupi. Kamera iko forodhani, itapigwa mnada, nayo nondo ilikwisha kupasua lenzi. Dastan amefunga studio, amerudi kwa mama yake Mkumbi kulima, na akipita mtu na kamera ya plastiki anageukia upande mwingine. Nilipomwendea Jastini aliniambia, "Mzee, mngeandikisha tu." Ni kweli. Raimundi ameshaanza kukata migomba iliyo mpakani mwa shamba, na kahawa imeanza kuiva. Sitegemei kitu. Nimeishi hapa muda wa kutosha, nimeshawaona mkinyamaza kwa mambo makubwa kuliko hili, na Raimundi naye anajua kuhesabu kimya chenu.

Lakini kesi ni Alhamisi hii, saa tatu asubuhi. Hakimu amesema ndiyo mara ya mwisho kuiahirisha. Hataki picha tena. Anataka watu wawili wa kusema: Pankras amekufa, nilikuwepo akizikwa. Ninyi wanne mnajijua. Nanyi wengine mnawajua, wengine mnakula nao, mnasali nao benchi moja. Wekeni karatasi hii chini. Ondokeni sasa hivi, nendeni kwenye milango yao, mkae hapo mpaka watoke, mje nao mahakamani.