Shela ya Mwanasesere wa Saba

Ni nani aliyekuwa akimgeuza mwanasesere wa saba?

Kanyere alijiuliza swali hilo kwa mara ya nne asubuhi ya Jumatatu, ufunguo ungali mkononi na mlango wazi nyuma yake. Chumba cha kazi, nyuma ya jumba la parokia huko Himbi, mjini Goma, kilikuwa na dirisha moja lenye nondo na mlango mmoja. Ufunguo ulikuwa mmoja pia, naye alilala nao chini ya mto. Hata hivyo, juu ya rafu, wanasesere kumi na mmoja walielekea mlangoni kama alivyowapanga jana yake, na mmoja, wa saba kutoka kushoto, alikuwa amekipa chumba kisogo. Alielekea dirishani, upande wa kaskazini, uliko mlima wa moto.

Shela yake ya lesi ilikuwa sakafuni. Haikuchanika popote. Uzi ulioishikilia ulikuwa umefunguliwa mshono kwa mshono, kisha ukazungushwa ukawa kiduara kidogo, kama afanyavyo mtu aliyefundishwa nyumbani kwao kutopoteza uzi.

Kanyere aliiokota shela, akaketi, akatunga uzi sindanoni. Akaishona tena mahali pake.

Wazo la wanasesere hao lilikuwa lake. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni, akisoma historia, na aliamini kwa dhati kwamba mji uliokimbiwa mara nyingi kiasi hicho kwa sababu ya mlima ule ulihitaji mahali pa kuweka watu wake. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba leso za zamani, zile ambazo akina mama huzihifadhi chini kabisa ya sanduku: leso za arusi, zilizotariziwa maua na herufi za majina, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa ya jana. Kila leso ingekuwa mwanasesere wa mtu mmoja wa familia ile, awe hai au marehemu. Jumamosi wangeonyeshwa ukumbini, na majina ya marehemu yangesomwa katika misa.

Kazi yenyewe alifundishwa na Mama Mukamugema, mjane wa Rutshuru aliyejifunza kufuma lesi kwa masista angali msichana. Leso hukazwa kwa maji ya muhogo. Kidonge cha pamba huwekwa katikati, kitambaa hukunjwa juu yake, shingo hufungwa, na ncha mbili hupigwa mafundo zikawa mikono. Macho hayawekwi, wala mdomo. Kisha huja lesi, iliyofumwa kwa sindano ya kulabu: aproni, ukosi, kofia. Na kwa waliokufa, shela juu ya uso.

"Wa muzima tunamuacha uso wazi," Mama Mukamugema alikuwa amesema siku ya kwanza. "Wa mufu tunamufunika. Usichanganye."

Wafu walikuwa saba. Wa saba alikuwa Benny, mtoto wa Mama Emerance wa Majengo.

Saa nne Daniella na Julien, wanafunzi wenzake, walifika na katoni za kupakia. Kanyere aliwaeleza alichokikuta.

"Ni panya," Julien alisema.

"Panya wa kufungua mishono na kukunja uzi?" Daniella alicheka. "Huyo tumuandikishe chuoni, achukue nafasi yako."

"Basi ni upepo wa ziwa."

"Upepo na dirisha limefungwa. Endelea tu, mon cher, unasaidia sana." Daniella alimtazama mwanasesere, na kicheko kikamwishia mdomoni. "Labda amechoka kutuangalia. Lakini Kanyere, mbona upindo wake ni mweusi?"

Ilikuwa kweli. Ukingo wa leso, ambao Ijumaa ulikuwa msafi, ulikuwa na mstari wa vumbi jeusi. Kanyere alilisugua kwa kidole. Lilikwaruza, na lilinuka kiberiti kilichowashwa punde. Kila mtu Goma analijua vumbi la lava. Lakini chumba kilikuwa kimefagiliwa, na wanasesere wengine kumi na mmoja walikuwa weupe mpaka chini.

Mama Mukamugema aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Hakuonyesha mshangao. Alimweka mwanasesere kiganjani, akaugeuza upindo kwenye mwanga.

"Ametembea, uyu," alisema polepole.

"Mama, usituogopeshe," Julien alisema, akijaribu kucheka.

"Siogopeshi mutu. Naangalia nguo." Akamgeukia Kanyere. "Siku ulipomufunika, nilikuuliza: ni wa mufu ao wa muzima? Ulinijibu nini?"

"Wa marehemu."

"Nikakuuliza: umemuuliza mama yake?"

Kanyere alikumbuka vizuri. "Nilisema kwamba alilia, mama."

"Na mimi nikakuambia: kulia haiko jibu. Ukasema una haraka." Alimrudisha mwanasesere rafuni, akimwelekeza mlangoni. "Nenda kwa mama yake. Usimutume mutu."

Mchana ule Kanyere alikwenda Majengo. Mama Emerance aliishi katika nyumba ya mbao mwisho wa kichochoro, mahali ambapo lava iliyoganda ilisimama kama ukuta mweusi nyuma ya jiko, mrefu kupita paa. Alimpokea kwa furaha, akampangusia kiti kwa upande wa kitenge chake.

"Mutoto wa chuo. Leso yangu inaendelea?"

"Inaendelea, mama. Nimekuja kukusikiliza tena. Ile siku ulianza kusema, halafu…"

"Halafu nikalia. Ndiyo." Mama Emerance aliketi. "Ile leso ilikuwa ya mama yangu, alifungia nayo ndoa. Siku ya volkano, watu walipokuwa wanakimbia kwenda Sake, nilifunga mukono wa Benny na wangu, sawa vile unafunga mbuzi, ili asipotee. Alikuwa na miaka nane. Batu walikuwa wengi, usiku mwekundu kama mchana. Nikaanguka. Nilipoinuka, leso ilikuwa kwenye mukono wangu, na fundo limefunguka. Halikukatika, mwanangu. Limefunguka tu. Fundo langu halikuwa la nguvu."

Kanyere alisogeza kiti chake karibu.

"Watu waliniambia, Emerance, fanya matanga upumzike. Nikasema nitalilia nini? Maiti sikuiona. Kaburi hakuna. Kwetu, mutu ambaye hujamuona amekufa, ukimulilia, unamufungia njia." Alionyesha ukuta wa lava kwa kidevu. "Kila asubuhi nasimama pale, namuita. Na ukuta unamuita pamoja na mimi. Ndiyo inanipa nguvu ya kwenda sokoni. Lakini sasa ni wiki tatu haunijibu."

"Haukujibu vipi, mama?"

"Njoo."

Walisimama nyuma ya jiko. Jua lilikuwa kali, na mtoto wa jirani alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, mahali fulani. Mama Emerance aliweka mikono mdomoni.

"Benny!"

Sauti ilikwenda ikaugonga ukuta, ikaishia humo, kama maji yanavyoishia mchangani.

"Ita jina lako, wewe," alimwambia Kanyere.

Aliona haya, lakini aliita. *Kanyere*, aliita, na jiwe jeusi likamrudishia mara mbili, waziwazi, hata mtwangaji akanyamaza kusikiliza. Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, aliita jina la mtoto.

Ukuta ulinyamaza.

Alihesabu kimoyomoyo. Mara ya kwanza aliishona shela juu ya uso wa Benny siku ya Jumatatu, wiki tatu kamili zilizopita.

"Pupe wangu, ule mwanasesere wa leso," Mama Emerance aliuliza walipokuwa wakirudi mbele ya nyumba, "mutamuweka upande wa bale bazima, si ndiyo?"

Kanyere alifungua mdomo. Kweli yote ilikuwa tayari kwenye ulimi wake, na haya ikaivuta nyuma. "Nitakuja kukuambia mwenyewe, mama," alisema, akaondoka haraka, akijidharau kila hatua mpaka barabara kuu.

Kesho yake asubuhi, alipofungua mlango, mwanasesere wa saba hakuwa rafuni. Alikuwa amesimama chini, hatua moja tu kutoka kizingitini, uso umeelekea nje, bila shela. Mafundo mawili yaliyokuwa mikono yake yalikuwa yamefunguka. Ncha za leso zilining'inia wazi, kama zinazongoja kufungwa kwenye kitu.

Kanyere alichuchumaa mbele yake. Kisha akampakata, akaenda naye ukumbini, ambako kamati ilikuwa ikikutana.

Papa Védaste, mwalimu wao aliyesimamia maonyesho, alikuwa akigawa programu zilizotoka kuchapishwa. Daniella na Julien walikuwepo, na Mama Mukamugema aliketi kwenye kona na kulabu yake. Katika ukurasa wa pili Kanyere aliliona jina: *Benny*, wa saba, chini ya neno *Marehemu*. Orodha hiyohiyo ilikuwa tayari mezani kwa padri.

"Papa, jina hili si la hapa," alisema, akabaki amesimama. Aliwaeleza yote, kuanzia jibu lake la haraka hadi ukuta wa Majengo.

Papa Védaste alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. "Mwanangu, miaka imepita. Mtoto wa miaka minane, katika usiku ule. Sisi sote tunajua."

"Hatujui, Papa. Tumechoka kungoja tu. Mama yake hajachoka."

"Kwa hiyo tuchapishe upya kila kitu kwa sababu pupe amegeuka?"

"Hapana. Kwa sababu ya swali ambalo sikuuliza."

Julien alitazama ncha za leso zilizofunguka, akaisukuma programu yake mbali kidogo. Kulabu ya Mama Mukamugema ilikuwa imesimama.

Kanyere alimweka mwanasesere juu ya meza, uso wazi, akaanza kuifungua shingo.

"Jumamosi yatasomwa majina sita," alisema. "Maonyesho yatakuwa na wanasesere kumi na mmoja, na programu nitazisahihisha kwa mkono, moja baada ya nyingine. Huyu namfungua sasa mbele yenu. Mchana huu nitaipeleka leso Majengo, nimwambie Mama Emerance kwamba ni mimi niliyemfunika mtoto wake."