Bata wa Sikukuomba Chumvi

Jumatano asubuhi, baada ya kumaliza uji wake wa mahindi, Nana Akofa alifungua ghala la vitenge alikague. Ghala lilikuwa uani kwake, mtaa wa Bè, mjini Lomé, karibu na lile bwawa ambalo unyevu wake hauna adabu, unaingia mpaka ndani ya makabati. Lilikuwa na kitenge cha aina moja tu, majora kwa majora hadi darini: bata wa buluu kwenye uwanja mwekundu, wakitembea kwa mstari, vichwa juu, bila kumtazama mtu.

Mchoro huo aliuchagua mwenyewe ujanani, wauza vitenge wenzake walipoukataa wakisema bata ni mboga, si pambo. Jina pia alilitoa mwenyewe, maana sokoni kitenge kisicho na jina hakinunuliwi hata kiwe kizuri namna gani. Wifi yake alikuwa ameutangazia mtaa kwamba yeye ndiye anayemlisha Akofa. Akofa akajifunga kile kitenge, akapita polepole mbele ya mlango wa wifi, na wanawake walipomuuliza kinaitwaje, akawajibu kwa sauti ya kusikika ndani: "Sikukuomba Chumvi." Kabla ya mvua zilizofuata, kuanzia Lomé hadi Cotonou, mwanamke aliyegombana na mtu alijua avae nini.

Kisha yakaja makontena ya vitenge vya kuiga, vyepesi, na bata walewale. Hao bata Nana Akofa angeweza kuwavumilia. Lakini waigaji walichukua na jina, wakalipiga chapa kwenye pindo. Alivaa dhahabu zake akaenda kulalamika serikalini, na afisa mmoja, bila kuinua macho, akamwambia kwamba bata hana mwenyewe, na maneno pia hayana mwenyewe. Siku hiyo alirudi akafunga ghala. "Sishindani na matambara," alisema. Hakuuza tena hata jora moja, na lile jina hakulitamka tena. Binti yake Enyonam, aliyerithi meza yao sokoni, aliuza vitenge vingine.

Basi asubuhi hiyo Nana Akofa alikagua. Mistari ya mikunjo ilikuwa imepauka. Wanga wa kiwandani ulikuwa umechacha na kunuka togwa. Nondo walikuwa wamejipitia pembeni. Hayo yote aliyatazamia. Alipokunjua jora la juu, akakuta uwanja mwekundu upo lakini bata hawapo. Kila mmoja ameacha nafasi nyeupe yenye umbo lake, mpaka ncha ya mdomo. La pili vivyo hivyo. Kwenye la tatu alikuwa amebaki bata mmoja, naye alikuwa anamalizia kutoa mguu.

Wengine walikuwa uani, wanakunywa maji kwenye karai. Walikuwa bapa kama nguo, buluu upande wa kulia na buluu upande wa kushoto, maana kitenge halisi rangi yake hupenya kotekote.

"Mama, bata wametoka," Enyonam alisema kutoka jikoni.

"Nimewaona. Wape mahindi."

"Si nilikwambia? Umewafungia miaka yote hii, huwaaniki, huwaiti. Hata mimi ningetoka."

"Wewe ungetoka siku ya kwanza. Wape mahindi, nimesema."

Ilikuwa bahati mbaya kwamba siku hiyohiyo alifika Davi Sikavi kutoka Aného, amevaa nyeusi. Mama yake alikuwa amefariki, na kabla ya kukata roho alikuwa ameagiza wanawake wote wa ukoo wamzike wakiwa wamevaa Sikukuomba Chumvi. Halisi, alisisitiza, akiletewa kile cha kontena atainuka jenezani aondoke. Familia ilikuwa inamfahamu, na haikutaka kujaribu.

Nana Akofa alimvutia kiti. Hilo ndilo alilolingojea: mtu aje mwenyewe, akitake kile chenyewe, kwa heshima yake. Akamwonyesha majora, kisha akamwonyesha bata.

Davi Sikavi aliwatazama. "Si uwaite tu kwa jina lao, Nana? Watarudi."

Jina hilo hakuwa amelitamka miaka mingi. Lakini Nana Akofa alisimama mlangoni pa ghala, akashika kiuno, akaita: "Sikukuomba Chumvi!"

Bata wakainua vichwa. Wakati huohuo, barabarani, kipaza sauti kikaita: "Sikukuomba Chumvi! Sikukuomba Chumvi, bei ya kutupa!" Bata wakajipanga mstari, wakatoka getini. Nana Akofa akawafuata, naye kichwa juu.

Ilikuwa toroli la Kodzo, muuza vitenge vya kuiga. Bata walilizunguka, wakatazama vitenge vilivyoning'inia. Bata mmoja wa kwenye toroli alijaribu kutoka awafuate wenzake, lakini alikuwa na rangi upande mmoja tu. Alipogeuka hakuonekana, akaanguka. Kodzo alimwokota akambandika mahali pake.

"Nana, shikamoo. Bata wako wananifukuzia wateja."

"Marahaba. Na hilo jina unaloimba, nani alikuuzia?"

"Limeandikwa kwenye pindo, Nana. Mimi mchuuzi tu."

Bata waliligeuzia toroli mkia, mmoja mmoja, wakarudi nyumbani. Lakini ndani ya kitenge walikataa kuingia. Nana Akofa alipowatandazia jora wakapita pembeni yake. Aliona aibu, maana ni yeye aliyewanyima jua na jina. Kisha akaona fahari, na fahari ikazidi: walikuwa bata wake kwa tabia zote.

"Nitavichukua hivihivi," Davi Sikavi alisema.

"Bei ni ileile ya vyenye bata."

"Kwani nimekuomba chumvi?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Jumamosi, Aného, wanawake wa ukoo walifuata jeneza wakiwa wamevaa nyekundu yenye nafasi nyeupe. Mbele yao walikwenda bata kwa mstari, bila kumtazama mtu, na magari yakasimama, hata la padri. Kila aliyeuliza kitenge hicho kinaitwaje, Nana Akofa alimjibu mwenyewe kwa sauti nzima. Marehemu alitulia jenezani.

Jumatatu, Enyonam alirudi kutoka sokoni amefura. Mkononi alikuwa na kipande kipya kutoka kwa Kodzo: uwanja mwekundu, na nafasi nyeupe zenye umbo la bata, zimechapwa safi. Jina lilikuwa kwenye pindo.

"Mama, wameiga hata kutokuwepo kwa bata!"

Nana Akofa alikigeuza. Nyuma kulikuwa kweupe tupu. Akakikunja vizuri, akamrudishia.

"Peleka ukafutie meza," alisema.

Kisha akachukua bakuli la mahindi, akatoka uani. Nje ya geti kipaza sauti cha Kodzo kilikuwa kinakaribia na jina lilelile, na hakuna afisa aliyekikataza. Nana Akofa alisubiri kifike mbele ya nyumba yake kabisa. Ndipo akawaita bata wake kwa jina lao, kwa nguvu zote za kifua chake, na wote wakaja kula.