Kuanzia Ukurasa wa Mia Sita na Kumi na Tatu

Mume wangu Delbert alitoka jikoni Jumanne asubuhi, tarehe 28 Julai 2009, kwenda kuangalia kama nyasi alizokata zimekauka. Aliacha kahawa nusu kikombe, na rula aliyopewa na kampuni ya mbegu chini ya mstari wa mwisho wa ukurasa wa mia sita na kumi na mbili. Moyo wake ulisimama kabla hajafika kwenye trekta. Nilimkuta amelala kifudifudi, kofia bado kichwani.

Kurasa hizo zilikuwa za muswada wa serikali wa bima ya matibabu kwa wote, elfu moja na kumi na saba kwa jumla. Delbert aliupinga tangu siku aliyousikia. Zahanati yetu ilijengwa na watu wa hapa mwaka 1974, naye alibeba matofali. Daktari tulimtafuta wenyewe. Hakutaka mtu wa Washington, asiyejua hata barabara yetu inaelekea wapi, aamue daktari huyo afanye nini. Lakini alikuwa na sharti lake: usisimame kupinga kitu ambacho hujakisoma. Mbunge wetu alikuwa ameitisha mkutano tarehe 22 Agosti, na Delbert alikuwa ameandikisha jina lake ili aulize swali.

Wiki ya mazishi friji ilijaa bakuli za tambi na jibini kutoka kwa majirani. Jumatatu iliyofuata nilikaa kwenye kiti chake nikaisogeza rula. Zilibaki kurasa mia nne na tano. Nilimaliza sekondari mwaka 1961 na sikuwahi kusoma sheria. Kifungu kimoja kilinirudisha nyuma kurasa hamsini, kingine mia, na kila niliporudi nilikutana na penseli yake pembeni. Mara nyingi aliandika maneno mawili tu: "Nani ataamua?"

Binti yetu Rhonda ni muuguzi mjini, na muswada huo aliutaka. Alinikuta mezani.

"Mama, unajitesa."

"Nasoma tu."

"Unasoma ili upinge."

"Baba yako pia. Lakini alipokuta kitu kizuri aliweka tiki."

"Tiki ziko ngapi?"

"Kumi na moja."

Akacheka, mara ya kwanza tangu tumzike. Kisha akavuta kiti. "Mimi nawapokea wasio na bima, mama. Wanakuja uvimbe umeshakuwa kama chungwa."

"Sijasema hawapo. Nasema wasaidiwe na watu wanaowajua."

"Na asiye na mtu anayemjua?"

Nilichukua penseli ya Delbert nikaliandika swali la Rhonda pembeni, akiona.

Siku nane kabla ya mkutano alikuja Merle Dietz, jirani yetu na mzee wa kanisa letu, na karatasi ya kupinga muswada iliyokuwa ikizungushwa kila mahali.

"Dada Arlene, wewe ni mjane. Ukisimama wewe ukasema serikali itawaita wazee iwapangie kufa, ukumbi mzima utalia. Mimi nikisema, watasema ni yule Merle na maneno yake."

"Imeandikwa wapi?"

"Ukurasa wa mia nne ishirini na tano. Wameutaja hapa."

Nikaufunua. Penseli ilikuwa imejaza ukingo mzima: "Hapana. Ni daktari kulipwa anapozungumza na mgonjwa kuhusu mwisho wake, mgonjwa akitaka. Mwambie Merle."

Merle aliisoma mara mbili. "Hata akiwa kaburini ananigombeza."

"Ulishamzoea."

"Lakini karatasi hii ina nguvu, Dada. Tunataka kushinda au hatutaki?"

"Nataka sana. Kwa karatasi hiyo, sitaki."

Akaondoka bila kumaliza pai niliyomkatia. Kwa Merle hiyo ni hasira kubwa.

Nilifika ukurasa wa mwisho Alhamisi, siku mbili kabla ya mkutano.

Ukumbi wa michezo wa shule ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Walikuwa wakimzomea mbunge hata kabla hajafungua mdomo. Lilipoitwa jina la Delbert Kessler nikainuka. Msichana wa kipaza sauti akaangalia orodha yake.

"Samahani, mama, hapa pameandikwa jina la mwanamume."

Sauti ya Merle ikatoka nyuma. "Mpe, binti. Ni mkewe."

Nilianza na karatasi ile. Nikasema ya wazee si kweli, ukurasa wa mia nne ishirini na tano hausemi hivyo. Wakanizomea. Walikuwa watu wangu, wengine nimewafundisha Biblia wakiwa watoto. Nikasubiri wanyamaze.

"Mheshimiwa, mume wangu alisoma kurasa mia sita na kumi na mbili. Mimi nimesoma zilizobaki. Naupinga. Kila penye jambo gumu pameandikwa kwamba ofisa wa Washington ataamua baadaye, na atakapoamua sisi hatutakuwepo chumbani. Wewe umeusoma wote?"

"Wasaidizi wangu wamenipa muhtasari mzuri sana."

"Sijawauliza wasaidizi."

Akarekebisha tai yake. "Bado, mama. Sijaumaliza."

"Basi usiupigie kura mpaka uumalize. Mimi niliumaliza nikiwa nimefiwa."

Hakuna aliyezomea. Mbunge aliandika kitu, akasema amenisikia, akaita jina lililofuata. Nje, Merle alinifungulia mlango wa gari. Ile karatasi ilikuwa imekunjwa mfukoni mwa shati lake, na hakuitaja tena.

Mwisho wa Oktoba ulitoka muswada mpya mahali pa ule wa kwanza. Una karibu kurasa elfu mbili. Rhonda aliuchapisha wote akauleta ndani ya maboksi mawili, akayaweka mezani mahali pa baba yake.

"Bado nauunga mkono, mama."

"Najua."

"Nimekuletea na penseli."

Leo ni Jumanne. Kura bungeni ni Jumamosi. Niko ukurasa wa mia mbili na tatu.